Tope la Bombo na Samaki Mwenye Miguu



Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa hapa Bombo, mzee mmoja alitushika mkono akatuvuta kando, mbali na masikio ya watu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ametuomba hivyo, na kwa kuwa jambo lake si la mtu mmoja. Binti yake amemaliza kidato cha sita. Biolojia na Kemia amefaulu vizuri, na walimu wake wamempa moyo aendelee. Shida ni kwamba binti hataki uuguzi, hataki ualimu, hataki hata kilimo. Anataka kwenda kusomea sayansi za bahari.

“Mwalimu,” mzee akatuambia, “sisi ni watu wa milimani. Wapare na bahari wapi na wapi? Nizungumzie na mtoto. Hospitali tunayo hapa hapa. Asomee jambo litakalomrudisha nyumbani.”

Tulimwahidi kwamba tutazungumza naye. Tukakubali kwa wepesi, kwa sababu kusema kweli tulikuwa upande wa baba. Siku ya Jumapili tulikwenda kwake, tukakaa barazani pamoja na mama yake, tukanywa chai ya tangawizi ya shambani kwao. Tukamuuliza binti: katika bahari yote hiyo, ni kitu gani kinachokuvuta? Tulitarajia atataja nyangumi, au papa, au lulu. Yeye akafungua daftari, akachora pembetatu ndogo yenye mkia, akaongeza vijiti vinne chini yake.

“Huyu, Mwalimu. Anakaa kwenye giza, na haogelei sana. Anatembea.”

Mama yake akachungulia lile daftari, akacheka. “Hiyo si samaki,” akasema, “hiyo ni sambusa.”

Ndugu msomaji, hatuna budi kukiri kwamba huyo samaki hatukuwa tukimjua. Tuliondoka na daftari lile mkononi, na tangu siku hiyo tumekuwa tukimsoma. Safu yetu ya leo ni matokeo ya masomo hayo, na kama inakwenda mbali na mambo tuliyozoea ya ndoa, malezi na majirani, basi msomaji avumilie. Mwishoni tutarudi barazani.

Wataalamu wa Ulaya humwita samaki popo, kwa sababu ya umbo lake lililobapa na kutanuka pembeni. Si popo hata kidogo. Ukoo wake una aina zaidi ya 70 katika bahari za joto duniani, na ni ndugu wa wale samaki wavuvi wanaobeba chambo kichwani. Wako aina chache wanaokaa kwenye maji haba, hasa upande wa Marekani, ambao hukua wakafikia urefu wa mkono. Lakini yule aliyechorwa kwenye daftari ni wa jamii ndogo ya kilindini iitwayo Malthopsis, ambayo wengi wao hawazidi sentimita 10 hivi. Ukimweka kwenye kiganja, mkia wake hauvuki ncha za vidole. Jamii hiyo ilipewa jina mwaka 1891 na Alfred William Alcock, daktari aliyekuwa akisafiri na meli ya upimaji bahari iitwayo Investigator katika maji ya India. Bahari yao na bahari yetu ni moja.

Ukimtazama kutoka juu, mama alikuwa na haki: ni sambusa. Kichwa na kiwiliwili vimeungana vikawa pembetatu, na nyuma umetoka mkia mwembamba. Puani ana pembe fupi iliyoelekea mbele. Macho ni makubwa kwa mwili wake. Ngozi haina magamba laini kama ya perege wa Kalemawe tuliowazoea. Magamba yamegeuka kuwa ngao ndogo za mfupa, kila moja ikiwa na nundu katikati, hata ukimpapasa ni kama kupapasa ganda la fenesi. Katika kona mbili za nyuma za ile pembetatu kuna miiba mifupi. Mnyama wa kumla huyu afikirie mara mbili.

Chini ya ile pembe, juu kidogo ya mdomo, kuna kishimo. Ndani yake amekunjwa kijiti kifupi chenye kinundu laini nchani. Kijiti hicho asili yake ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni, uliosogea mbele hata ukafika usoni. Akihitaji, hukichomoa, akimaliza, hukirudisha ndani kama mtu anayerudisha kalamu mfukoni. Ndugu zake wa kilindi kirefu zaidi hubeba taa katika vijiti vyao, nuru inayotokana na vijidudu vinavyoishi humo. Yeye taa hana. Wataalamu wanaona kwamba kinundu chake hutoa majimaji yenye harufu, na kwamba vijidudu vya topeni huvutwa na harufu hiyo. Mahali pasipo na mwanga, pua inafaa kuliko jicho.

Sasa miguu. Hapa ndipo tuliposoma mara ya pili na ya tatu ili kuhakikisha kwamba hatukukosea. Samaki wa kawaida ana mapezi mawili ya ubavuni, karibu na kichwa, na mawili ya tumboni, chini yake. Kwa samaki huyu, mapezi ya tumboni yamesogea mbele hadi kooni, nayo ni mafupi na magumu. Mapezi ya ubavuni yamesogea nyuma, na shina la kila moja limerefuka na kupinda kama kiwiko. Kwa hiyo miguu yake ya mbele ndiyo iliyopaswa kuwa ya nyuma, na miguu yake ya nyuma ndiyo mikono. Husimama juu ya hiyo minne, akaegemea pia pezi dogo lililo chini ya mkia, kisha huinua mmoja na kutua mwingine, taratibu, kama mzee anayeshuka mteremko wa Bombo siku ya mvua. Akishtuliwa hupiga mkia na kuogelea, lakini kwa shida, na hachelewi kutua tena.

Kuna sababu. Perege ana kibofu cha hewa tumboni kinachomwezesha kuelea bila jasho. Samaki popo hana kibofu hicho. Asipojitahidi, huzama. Aliyeumbwa bila cha kumwelesha akapewa cha kumtembeza.

Na kuna hili ambalo lilitupendeza kuliko yote. Samaki hupumua kwa kumeza maji, kuyapitisha kwenye matamvua, na kuyatoa kwa mlango ulio shavuni. Mtu aliyelala kifudifudi kwenye matope, mlango huo ungemfaa nini? Ungeziba. Kwa hiyo mlango wa samaki huyu umehamishwa: ni tundu dogo tu, nalo limefunguka juu na nyuma, penye kwapa la ule mkono wake. Maji yaingia mdomoni, yatokea kwapani. Samaki wengi wana matamvua manne kila upande. Yeye ana mawili, na baadhi ya ndugu zake mawili na nusu. Anayetembea polepole kwenye baridi hahitaji pumzi nyingi.

Baridi, naam. Watu wa Same hatuhitaji kuelezwa kwamba ukipanda juu hewa hupoa. Anayetoka kwenye joto la bondeni akaelekea msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, hukumbuka koti lake. Baharini mambo ni kinyume: ukishuka ndipo unapopoa. Maji ya juu katika pwani yetu yana joto la nyuzi 25 na zaidi mwaka mzima. Ukishuka mita 300 au 400, hubaki nyuzi 12 hivi, au pungufu. Samaki popo wengi huishi kati ya mita 200 na 1,000 kwenda chini, na wachache hupita hapo. Shengena ina zaidi ya mita 2,400. Msomaji aupindue mlima huo kichwani, autumbukize majini ncha ikitangulia, na ataona kwamba samaki huyu anakaa sehemu ambazo sisi kwenye mlima wetu tungeziita karibu na mashambani.

Mwanga nao hufifia. Kwenye mita 200 bado kuna weupe hafifu, kama ule wa alfajiri kabla hujatofautisha uzi na uzi. Kwenye mita 1,000 mwanga wa jua umekwisha kabisa. Na kuna uzito. Kila mita 10 za kushuka huongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu; kwa hiyo kwenye mita 300 samaki huyu amebebeshwa mara 31 ya tunavyobebeshwa sisi. Binti alituuliza: kwa nini hapondeki? Jawabu ni lile lile la kibofu. Kinachopondeka ni hewa. Mwili uliojaa maji na nyama, usio na mfuko wa hewa ndani yake, husukumwa kwa nje na kusukuma kwa ndani kwa kiasi kile kile. Upungufu tuliouona mwanzo, wa kukosa cha kumwelesha, huku chini umekuwa salama yake. Subhanallah.

Kule hakuna jani linaloota. Chakula chote hutoka juu: mabaki ya viumbe waliokufa, kinyesi, vumbi, vyote vikinyesha polepole usiku na mchana. Minyoo, konokono wadogo na uduvi wa topeni hula mvua hiyo, na samaki popo huwala wao. Sakafu anayoitembelea ni mchanga na tope laini. Kuhusu tope hilo tuna neno, lakini lingoje kidogo.

Tulipofika hapa katika masomo yetu, tulijiuliza kama haya yote ni mambo ya Wazungu tu, maana Investigator ilikuwa meli ya wakoloni. Ndipo tulipokutana na habari za Mabahiss. Hii ilikuwa meli ya serikali ya Misri, iliyojengwa Newcastle mwaka 1930. Septemba 1933 iling’oa nanga Iskandaria ikaingia Bahari ya Hindi, na ilirudi Mei 1934. Mkuu wa safari alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell, na nahodha Mwingereza. Lakini mabaharia walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wanasayansi walikuwamo Wamisri wawili, Abdel Fattah Mohamed, aliyeshughulikia maji na kemia yake, na Dokta Hussein Faouzi, tabibu wa meli. Walipita Mombasa na Unguja mwanzoni mwa mwaka 1934, wakavua kilindini kwa nyavu za kuburura. Kaskazini, kwenye Bahari ya Uarabuni, walikuta tabaka nene la maji yenye hewa haba mno, ambamo nyavu zilirudi karibu tupu. Dokta Faouzi baadaye aliandika kitabu cha Kiarabu kuhusu safari hiyo, akajifananisha na Sindbadi. Tunapenda kufikiri kwamba mabaharia wale walisali juu ya staha wakati nyavu ziko mita mia kadhaa chini yao, zikikokota tope.

Karibu zaidi na sisi kuna silikanti wa Tanga, ambaye wasomaji wengi wamemsikia. Binti yule alitukumbusha habari zake kwa sababu wawili hawa wanafaa kuwekwa pamoja. Silikanti ni jitu: hukaribia mita mbili na kilo 90. Mifupa ya jamaa zake ilijulikana kwenye mawe ya kale tu, na ikadhaniwa wamekwisha zamani za zamani, mpaka Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London huko Afrika Kusini, alipomwona mmoja kwenye shehena ya samaki bandarini. Profesa J. L. B. Smith akamtambua, kisha akatafuta wa pili kwa miaka 14, akisambaza karatasi zenye picha na zawadi ya pauni 100. Wa pili alivuliwa Desemba 1952 na Ahamadi Abdallah, mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, Komoro. Samaki alipofikishwa sokoni, aliyezuia asikatwe vipande ni mwalimu wa shule wa hapo hapo, aliyekuwa ameiona karatasi ile akaikumbuka. Wakomoro wenyewe walikuwa wakimfahamu siku zote, humwita gombessa.

Smith, kwa kuona mapezi yake yenye nyama na mifupa kama viungo, alimpa jina la utani la mzee mwenye miguu minne, na watu wengi wakaamini kwamba anatembea kwenye sakafu ya bahari. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha kuzamia katika maji ya Ngazija, akamwona akiwa hai kwenye makazi yake. Hakuwa akitembea. Anaelea, anapeleka mapezi yake kwa zamu kama mtu anayepiga makasia polepole, na mchana hujificha mapangoni. Kumbe yule aliyesifiwa miguu hatembei, na anayetembea ni yule mdogo asiyejulikana na mtu. Tunaepuka kuingia katika mabishano yanayozushwa juu ya silikanti kuhusu asili ya viumbe. Kila nyumba iyazungumze na watoto wake kwa utulivu, badala ya kumnyang’anya mtoto kitabu. Sisi tunasema hili tu: kwa miaka karibu 50 watu wazima wenye elimu waliamini jambo kuhusu samaki kwa sababu ya umbo la pezi, na aliyewasahihisha ni yule aliyekwenda kutazama.

Nchini kwetu silikanti wa kwanza kuripotiwa alivuliwa upande wa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Kuanzia mwaka uliofuata wakaanza kuonekana Tanga, kwa makumi, wamenasa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kilindini. Nyama yake haiuziki; imejaa mafuta na huharisha. Mvuvi hapati kitu, na samaki amekufa. Tena ni samaki wa kuzaa polepole mno, anayeishi miaka inayokaribia 100, na utafiti wa karibuni umekadiria kwamba mimba yake huchukua miaka mitano. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, ikianzia kaskazini ya mlango wa Mto Pangani na kupita Kigombe na Tanga mjini. Wavuvi wa vijiji hivyo wana malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Mtu aliyerithi bahari kwa babu yake huona ajabu kuambiwa pa kutega. Ndiyo maana wanahitajika wasomi wanaoweza kukaa naye chini ya mkungu, wakazungumza Kiswahili, wakajua jarife ni nini.

Na sasa lile tope. Turudi barazani.

Juzi tulimwendea mzee. Alidhani tumekuja kumpa habari njema, kwamba binti amekubali uuguzi. Hatukuanza na binti. Tulimuuliza kuhusu kona ya shamba lake iliyochukuliwa na mvua.

“Ilikwenda na maji,” akasema.

“Maji gani, mzee?”

“Ya korongo. Yakaingia mtoni.”

“Na mto unakwenda wapi?”

Mzee si mtu wa kukosa jibu kuhusu mito. Amekaa kwenye kamati ya maji, anajua zamu za ndiva zote za upande wake. Akahesabu kwa vidole: vijito vinashuka bondeni, Hingilili inapita Maore, Yongoma inapita Ndungu penye mpunga, yote yanaelekea Mkomazi, Mkomazi unashuka kati yetu na Usambara, upande wa Korogwe unaungana na Pangani. Alipofika kwenye neno Pangani, kidole kikasimama.

“Baharini,” akasema.

Ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya udongo wetu hubaki njiani, kwenye mashamba ya bondeni na kwenye mabwawa, na watu wa Kalemawe wanajua habari za tope. Lakini ule ulio laini kabisa, unaolipa maji rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika, hufika. Mto unapoingia baharini, mchanga hutua karibu. Udongo laini huchukuliwa mbali, ukazama taratibu, ukalala kwenye miteremko ya kilindi. Mingi ya miteremko hiyo duniani imefunikwa na mchanganyiko wa udongo wa nchi kavu na vigamba vya viumbe wadogo mno. Hiyo ndiyo sakafu ya samaki mwenye miguu. Tope likizidi, matumbawe ya kando ya pwani husongwa, nao samaki wanaozaliana humo hupungua, na bei inayopanda kwenye soko la Tanga hupanda na basi mpaka kwenye gulio letu.

Hatukumsomea hotuba. Lakini sisi sote tunalima tangawizi kwenye miteremko ambayo wazee wetu waliiacha na miti, na sote tunaikumbuka Goha, Novemba 2009, mlima ulipoporomoka usiku juu ya watu waliolala. Mwenyezi Mungu awarehemu. Udongo wa milima hii unapoondoka, huwa haukuuliza ruhusa. Mtu anayejua unakofika na unachofanya huko si mtu aliyepotea njia ya nyumbani. Hayo ndiyo tuliyomwambia mzee alipotuuliza tena bahari inatuhusu nini.

Hofu zake nyingine tulizikubali. Aliuliza binti atalala wapi, na nani atamjua, na kama atapandishwa kwenye boti na wanaume usiku. Haya ni maswali ya baba, na chuo chochote kinachotaka watoto wetu kinapaswa kuwa na majibu yake kabla hakijaulizwa. Tulimweleza tunayoyajua: kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo hayo, na kwamba taasisi yake ya sayansi za bahari iko Unguja tangu 1978, kisiwa ambacho msikiti hauko mbali na mlango wowote. Mama aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani akasema kwamba hata mwaka ule mdogo wake alipolazwa Tanga, hospitali ya Bombo, yeye alilala kwa watu wiki mbili akiwa peke yake, na hakuna aliyesema neno. Tukakumbuka jambo la ajabu ambalo watu wa hapa tumelizoea hata hatulioni: Bombo ziko mbili, moja mlimani na moja inayotazama bahari.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia. “Huyo samaki mwenye miguu ni halali?”

Tulimpelekea swali hilo ustadhi wa madrasa, kwa sababu watoto nao walikuwa wameanza kuuliza. Alitukumbusha kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata: kwamba kiumbe asiyeishi ila majini huhesabiwa samaki hata kama umbo lake si la samaki, na kinachokatazwa ni kama chura, aishiye majini na nchi kavu. Samaki popo, kwa miguu yake yote minne, hajawahi kukanyaga nchi kavu. Ni halali. Kama kuna nyama ya kutosha kujaza sambusa moja, hilo ni suala jingine.

Fomu za kuombea chuo ziko juu ya kabati nyumbani kwa mzee. Mjomba wa binti anayeishi Tanga ametumiwa ujumbe aulizie habari za malazi. Sahihi ya baba, mpaka tunapoandika, bado haijawekwa. Lakini jana jioni tulipita njiani kwake tukamkuta shambani, akipanga mawe kwenye ile kona iliyoliwa na mvua, na binti akimsogezea. Alituona, akanyoosha mgongo.

“Mwalimu,” akaita, “nimemwambia, akienda huko, kitu cha kwanza amwulize samaki wake shamba langu kaliweka wapi.”